Tumbo lako sikukuu hii: safari, sufuria la pilau na kiporo

Kuanzia mkesha wa Krismasi hadi siku mbili tatu baada ya Mwaka Mpya, malalamiko ya tumbo ni yale yale: kiungulia usiku, gesi, choo kukataa, kuharisha. Lawama huangukia mafuta ya pilau, au husemwa mbuzi "kamkataa" mtu. Mara nyingi pilau haina kosa. Tatizo ni saa: mlaji alikaa saa ngapi bila maji safarini, chakula kilikaa nje saa ngapi baada ya kuiva, na kililiwa saa ngapi usiku. Ukizisimamia saa hizo utakula pilau, nyama choma na keki, na tumbo litatulia.

Safarini

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Moshi au Rombo kuhesabiwa na nduguze, yaani kurudi kwao kwa sikukuu, hukaa kwenye kiti saa 9, 10 au zaidi, hasa kwa foleni za Desemba. Wengi hawanywi maji njiani ili wasimsumbue dereva, na haja ikija wanaibana. Utumbo mpana kazi yake ni kunyonya maji. Kinyesi kikikawia humo kinazidi kukauka. Ndiyo maana siku ya kwanza na ya pili nyumbani choo hakitoki, na tumbo linajaa hata kabla ya sherehe.

Kunywa kikombe kimoja cha maji kila baada ya saa 2, na kila basi linaposimama shuka uende msalani hata kama haja ni ndogo. Beba ndizi mbivu, machungwa, karanga, na mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa. Kuku wa kukaanga aliyepangwa kwenye kabati la kioo tangu asubuhi muache. Ukifika, asubuhi inayofuata kunywa maji ya uvuguvugu, kula kipande kikubwa cha papai pamoja na uji, kisha nenda chooni ndani ya nusu saa bila haraka. Chakula kinapoingia tumboni utumbo mpana husukuma wenyewe, na msukumo huo huwa na nguvu zaidi asubuhi.

Mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe cha wali mweupe hakifikishi hata gramu 1. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 13 hadi 15. Kwa hiyo mezani, kando ya pilau, kuwe na maharage, mchicha au kabichi, na embe badala ya kipande cha pili cha keki. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa maji mapya. Gesi hupungua sana.

Sufuria kubwa

Hapa ndipo wageni wengi huugulia.

Kwenye mchele mbichi huwa kuna vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, vikiwa katika hali ya vijimbegu vigumu visivyokufa kwa kuchemka. Wali ukishaiva na kubaki vuguvugu, vijimbegu huamka, vijidudu huzaana na kutoa sumu. Sumu ile inayotapisha haivunjwi na moto wa jikoni. Mtu anapasha kiporo mpaka kinafuka moshi, anakula akiwa na amani, na ndani ya saa 1 hadi 6 anatapika. Mchuzi mzito na nyama nyingi huwa na kijidudu kingine, Clostridium perfringens, kinachopenda katikati ya sufuria kubwa kusikofikiwa na hewa. Chenyewe huleta tumbo la kukata na kuhara saa 6 hadi 24 baada ya kula, mara nyingi bila homa, na huisha ndani ya siku moja. Chakula chenye vijidudu hivi kinaweza kisinuke wala kubadilika ladha. Kuonja hakutakusaidia.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichoiva kisikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa 2, na kinachosubiri kuliwa kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi. Kwenye joto la Desemba la Dar, Tanga au Mombasa, likipita nyuzi 32, hesabu saa 1. Sasa angalia desturi yetu: pilau ya kilo 5 inaepuliwa saa 6 mchana, inafunikwa kwa sinia lenye makaa yanayozimika, na wageni wanapakuliwa mpaka saa 3 usiku. Kinachobaki kinalala humo humo jikoni mpaka asubuhi.

Fanya hivi badala yake. Kilo 1 ya mchele hutosha watu 8 hadi 10 pakiwa na nyama na kachumbari. Wageni 40 ni kilo 4 hadi 5. Usizipike zote kwa mpigo. Pika kilo 3 kwa ajili ya mchana na kilo 2 saa 11 jioni. Ni kazi zaidi kwa mpishi, hilo halina ubishi, lakini kila mgeni anakula chakula cha moto na kiporo kinakuwa kidogo. Ukitumia hotpoti, ijaze kwanza maji yanayochemka kwa dakika 10, yamwage, kisha pakia pilau ikitoka jikoni, ijae mpaka juu. Hotpoti iliyojaa nusu hupoa upesi, na isikae na wali zaidi ya saa 2 au 3.

Kinachobaki, na uamue mapema kwamba kitabaki, kitoe kwenye sufuria. Kitandaze kwenye sinia pana, kina kisizidi sentimita 5, kifunike kwa kawa na ukipepee au ukiwekee feni. Kikipoa, ndani ya saa 1 hadi 2 kiingie friji kwenye vyombo vifupi vipana. Kuingiza sufuria zima ndani ya friji hakusaidii: katikati yake hubaki na joto kwa saa nyingi, na chakula cha jirani yake nacho kinapashwa. Wali wa friji uliwe ndani ya siku moja. Unapoupasha, nyunyiza maji kidogo, funika, geuza kwa mwiko mpaka mvuke utoke kila upande, na usiupashe mara ya pili. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hushika ubaridi kama saa 4.

Huna friji? Pilau isilale. Igawe kwa majirani na wageni wanaoondoka ingali ya moto, na uwaambie waimalize jioni hiyo.

Kachumbari itengenezwe ya mwisho kabisa, kidogo kidogo. Nyanya, vitunguu na matango vioshwe kwa maji safi yanayotiririka, na kibao kilichokatiwa kuku mbichi kisiguse mboga hata kikipanguswa kwa kitambaa. Anayepakua akiwa na kidonda au jipu mkononi, apewe kazi nyingine.

Nyama

Mbuzi akichinjwa nyumbani, mwite afisa mifugo amkague, na mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe kwa bei yoyote. Kuku aliyegandishwa wa kilo 2 huhitaji karibu siku nzima kuyeyuka ndani ya friji; ukimuacha kwenye beseni usiku kucha, nje anakuwa ameanza kuharibika wakati ndani bado ni barafu, na akichomwa anaungua ngozi huku mfupani ana damu. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, isibaki na wekundu ndani, kwa sababu ya tegu. Kata vipande visivyozidi sentimita 3, na pasua kimoja kinene ukiangalie katikati kabla ya kupakua.

Kula bila kuvimbiwa

Kushinda njaa ili "kuacha nafasi" ni kosa kubwa. Ukifika mezani na njaa ya tangu jana utakula haraka, utameza hewa, na shibe itakukuta umeshapitiliza. Kunywa uji wa ulezi asubuhi, au bakuli la mtori. Mchana, nusu ya sahani iwe mboga na kachumbari, robo pilau, robo nyama. Ukimaliza, subiri dakika 20 kabla ya kuongeza. Wengi hugundua hawahitaji tena. Soda moja ya mililita 350 ina sukari takribani vijiko 9 vya chai, na gesi yake hutanua tumbo ambalo tayari limejaa. Kama maziwa fresh hukuletea gesi au kuhara, kunywa mtindi au maziwa mgando, ambayo sukari yake ya maziwa imepungua kwa kuchachuka.

Kiungulia hutokea asidi ya tumbo inapopanda kwenye umio. Chakula cha mafuta hukawia tumboni, na pombe, chokoleti na kahawa huweza kulegeza mlango wa juu wa tumbo. Kwa hiyo mlo wa mwisho uwe saa 3 kabla ya kulala: anayelala saa 4 usiku awe amekula saa 1. Ukiwa umeshachelewa, tembea dakika 15, kisha lala ubavu wa kushoto. Kama kinakusumbua kila usiku, weka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, kiinuke sentimita 15 hadi 20. Mito mingi haifai, kwa sababu inakunja tumbo na kuzidi kulikamua.

Dawa za kabatini

Vidonge vya magnesium vya kutafuna hutuliza kiungulia, lakini vingi huharisha. Viache angalau saa 2 mbali na dawa za madini ya chuma au antibiotiki ya doksisiklini, na antibiotiki ya siprofloksasini imezwe saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake, maana vidonge huzuia dawa hizo zisinyonywe. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na asprini zisimezwe juu ya pombe au tumbo tupu, hasa kwa mwenye vidonda vya tumbo. Huweza kusababisha damu kuvuja. Na acheni kukimbilia Flagyl (antibiotiki ya metronidazoli) kila mtu anapoharisha. Haifanyi chochote kwa sumu ya kiporo, na ikichanganywa na pombe huweza kuleta kutapika na mapigo ya moyo kwenda mbio.

Anayeharisha anahitaji maji na chumvi. Changanya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudishia maji mwilini) kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Isipopatikana: lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe mlima. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, wa miaka 2 hadi 10 apewe 100 hadi 200, na mtu mzima anywe kadiri anavyoweza. Akitapika, subirini dakika 10 kisha endeleeni kwa kijiko, polepole. Mtoto wa chini ya miaka 5 apewe pia zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Aliye chini ya miezi 6 miligramu 10. Kunyonya kuendelee.

Nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni sikukuu, mkiona damu kwenye choo au matapishi, choo cheusi kama lami, kuhara majimaji meupe kama maji yaliyooshea mchele, homa kali, macho yaliyozama, mtoto asiyekojoa kwa saa 6 au anayelala bila kuamka vizuri, au maumivu ya tumbo yasiyoachia. Maumivu ya kifua yanayobana na kuelekea mkono wa kushoto au taya, pamoja na jasho, yasitibiwe kama kiungulia. Huyo apelekwe hospitali sasa hivi.