Chora Tingatinga Lako, Si la Jirani

Wanaokuja kujifunza uchoraji wa Tingatinga kwangu hapa Dar, karibu wote huanza na swali moja: twiga anachorwaje? Nami huwauliza kwanza wameamkaje siku hiyo.

Edward Saidi Tingatinga, ambaye mtindo huu wa uchoraji umepewa jina lake, alianza kuchora mwaka 1968 bila kupita shule yoyote ya sanaa. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, vitu alivyovimudu. Alifariki mwaka 1972, lakini uchoraji wake unalisha familia nyingi mpaka leo. Picha zake nyingi zina mnyama mmoja tu, mkubwa, kwenye uwanja mtupu. Siku hizi madukani wamejaa twiga wale wale chini ya Kilimanjaro. Mikono ni mizuri, ila huwezi kujua nani kachora, wala kama siku hiyo alikuwa na furaha au msiba. Hilo linaniuma sana.

Basi tuanze. Tafuta hadibodi, futi mbili kwa mbili inatosha. Upande laini upake rangi moja tu ya chini, na hii usiichague kwa haraka, kwa sababu ndiyo itakayobeba hali ya moyo wako. Mnyama yule yule kwenye nyekundu ya magharibi na kwenye buluu iliyofifia hasemi jambo moja. Fanyia kazi nje, harufu ni kali. Kisha iache hadi kesho. Ukiiwahi ingali mbichi, rangi zitachanganyika na kuwa tope.

Sasa chagua mnyama unayemjua. Mtoto mmoja kutoka Mbagala alimkataa twiga, akasema hajawahi kumwona. Akamchora bata mzinga wa jirani yao. Bata alijaa ubao mzima, mabawa yamegonga kingo, shingo nyekundu kama imechubuliwa, na kwenye kona ya chini kabisa kuna miguu miwili midogo yenye ndala za buluu, inakimbia. Baba yake alipoiona ndipo alipojua kwa nini mwanawe huzunguka njia ndefu kwenda shule. Kwa maneno, mtoto alikuwa hajawahi kulisema. Mimi nilimwonyesha kushika brashi tu, na ningemsahihisha ukubwa wa yule bata ningeiua picha.

Kwa hiyo mpe mnyama ukubwa alionao moyoni mwako. Chora umbo kwa chaki, jaza rangi, acha ikauke tena.

Halafu madoa, na hapa ndipo mkono wa mtu unapojulikana. Chovya ncha ya brashi nyembamba, gusa, inua. Usipime kwa rula. Rangi ikiwa nzito, ongeza matone machache ya tina, kile kimiminika cha kulainishia rangi. Wapo wanaobananisha madoa hadi ngozi inatetemeka, wapo wanaoacha nafasi za kupumua. Fuata mkono wako, hata kama wa mwenzako unapendeza zaidi. Mistari myeusi ya kuzunguka umbo iwe ya mwisho. Brashi zioshe kwa mafuta ya taa siku hiyo hiyo.

Vanishi haihitajiki, rangi hii ya mafuta inang'aa yenyewe. Andika jina lako kwenye kona ya chini, lisomeke. Kisha itundike sebuleni, si chumbani, wageni waione na wakuulize.