Arifa za kurejesha akaunti hazikomi baada ya kuwasha Advanced Data Protection: fanya hivi

Ukiwasha Advanced Data Protection, ulinzi wa ziada wa data kwenye iCloud (hifadhi ya mtandaoni ya Apple), Apple huondoa kwenye vituo vyake vya data zile funguo zilizokuwa zikiiwezesha kufungua picha, madokezo na chelezo za simu yako. Kuanzia hapo funguo zinabaki kwenye vifaa vyako unavyoviamini. Ukisahau nenosiri na vifaa vikapotea, hakuna mhudumu wa kuzungumza naye akakurudishia data, hata awe na nia njema kiasi gani. Ndiyo sababu simu inakuwa king'ang'anizi kuhusu njia za kurejesha akaunti, yaani mtu unayemwamini au ufunguo wa kurejesha (msimbo mrefu unaouandika na kuutunza): alama nyekundu kwenye Mipangilio haiondoki, arifa unaifunga leo, kesho iko palepale.

Nimekaa na watu kadhaa kuzimaliza arifa hizi. Karibu kila mara kulikuwa na njia ya kurejesha ambayo mwenye simu aliamini imekamilika, kumbe imeishia katikati. Kazi yetu ni kuitafuta hiyo moja, si kubonyeza kila kitufe.

Nachukulia kwamba unajua kusasisha simu, nenosiri la akaunti unalikumbuka, na uthibitishaji wa hatua mbili umewashwa (usingewashwa, usingefika hapa). Menyu nitazitaja kama zinavyosomeka kwenye skrini.

Kabla hujagusa chochote

Utashauriwa na kila mtu: "Jitoe kwenye akaunti, ingia tena." Usifanye hivyo. Ukiwa na kifaa kimoja tu kinachoaminika na njia zako za kurejesha hazijakamilika, kujitoa ni kutoka nje na kufunga mlango kabla hujajua ufunguo uko wapi. Na ukikutana na ujumbe unaokupa nafasi ya kuweka upya data iliyosimbwa, achana nao. Kitufe hicho kinaweza kukuondolea arifa, kikaondoka pia na manenosiri yako yaliyohifadhiwa.

Hatua ya 1: Jua arifa yako ni ipi

Arifa ya kweli inaonekana ndani ya Mipangilio, chini ya jina lako. Ikija kwa SMS au barua pepe yenye kiungo, usifuate kiungo. Fungua Mipangilio mwenyewe. Kama hakuna kitu, basi ujumbe ule haukuhusu.

Kuna nyingine inayofanana nayo lakini ni jambo tofauti kabisa: dirisha linalojitokeza kwenye skrini likiuliza kama unaruhusu nenosiri libadilishwe. Hilo maana yake kuna mtu ameingiza barua pepe au namba yako kwenye ukurasa wa waliosahau nenosiri. Machi 2024 ziliripotiwa kesi za watu waliomiminiwa madirisha ya aina hii mfululizo, kisha wakapigiwa simu na mtu aliyejifanya ni wa huduma kwa wateja. Jibu ni "Don't Allow", kila mara, hata likija mara hamsini. Kuwa na ufunguo wa kurejesha hakuzuii madirisha hayo kutokea, kwa hiyo usihangaike kubadilisha ufunguo kwa ajili yake. Na anayekupigia kukuomba ufunguo au msimbo wa tarakimu sita ni mwizi. Kata simu.

Hatua ya 2: Vifaa vya zamani

Ingia kwenye jina lako, shuka hadi orodha ya vifaa. Kila kilichomo kiwe na angalau iOS au iPadOS 16.2, macOS 13.1, watchOS 9.2, tvOS 16.2, kwenye Windows, iCloud toleo la 14.1. Ile iPad iliyolala kwenye droo bila chaji nayo inahesabika. Isasishe au iondoe kwenye akaunti. Kila kifaa kiwe na msimbo wa kufungulia.

Ukiwa hapo, tazama na namba ya simu inayoaminika. Ukiwa ulishabadilisha laini, weka mpya kwanza, ndipo ufute ya zamani.

Hatua ya 3: Mtu wa kukurejeshea akaunti

Fungua Mipangilio, jina lako, Sign-In & Security, kisha Recovery Contacts. Kwenye matoleo ya kabla ya iOS 17 sehemu hii iko ndani ya Password & Security. Huyu mtu nitamwita mdhamini, maana ndiyo kazi yake: siku umekwama, yeye anatoa msimbo wa tarakimu sita kwenye simu yake, anakusomea, unaingia. Haoni picha zako, hawezi kuingia kwenye akaunti yako. Ufunguo unaohusika umegawanywa kati yake na Apple, na kipande kimoja peke yake hakifungui kitu.

Hapa mambo mawili hukwamisha watu.

La kwanza, ombi halijakubaliwa. Ukimchagua mtu aliye kwenye kundi lako la familia la Apple, anaongezwa moja kwa moja. Ukimchagua mwingine yeyote, anatumiwa ujumbe na lazima aukubali. Wewe unaona jina lake kwenye orodha, unatulia. Yeye ujumbe umezama kati ya mazungumzo mengine. Mpigie, mwambie afungue ujumbe ule akubali mkiwa mnaongea. Usimwachie "nitafanya jioni". Awe amezidi miaka 13, awe na uthibitishaji wa hatua mbili, na kifaa chake kiwe na iOS 15 au macOS Monterey kwenda juu. Mtu wa simu ya Android, hata kama ndiye unayemwamini kuliko wote, hawezi kuifanya kazi hii.

La pili, umemweka mtu kwenye Legacy Contact ukidhani ni hapo. Hiyo ni sehemu ya mtu atakayeomba kuona data yako ukishafariki. Haina uhusiano na kurejesha akaunti ukiwa hai, na mfumo hauihesabu. Menyu hizi mbili zinakaa jirani, nimeona zaidi ya mtu mmoja akiziunganisha.

Unaruhusiwa wadhamini hadi watano. Mimi napendekeza wawili wasioishi nyumba moja na wewe. Mwenza wa nyumba moja ni chaguo rahisi, ila moto au mwizi anapopita, simu zenu zinaondoka pamoja. Mdhamini anaweza pia kujiondoa mwenyewe. Akifanya hivyo unapata taarifa, na mara nyingine arifa unayoikasirikia ni hiyo hasa. Soma maneno yake kabla ya kuifunga.

Hatua ya 4: Ufunguo wa kurejesha

Hapa ndipo saa zinapopotea, kwa hiyo twende polepole.

Kwanza jiulize: ufunguo ulionao ni upi? Hesabu herufi. Ufunguo wa akaunti una herufi na tarakimu 28. Ukihesabu ukapata 24, hiyo ni karatasi ya FileVault, ufunguo wa diski ya Mac, hauna kazi hapa. Ukipata 14, hicho ni kitu cha mfumo wa zamani ulioanza 2013, kitupe. Unaweza kukuta mtu ameutunza ufunguo kwa uaminifu wote, ameupiga na lamineti, na sio.

Pili, ufunguo mpya unaua wa zamani papo hapo. Kama uliwahi kutengeneza ufunguo kwenye simu, baadaye ukatengeneza mwingine kwenye kompyuta kwa sababu arifa ilikuomba, ule wa kwanza ni karatasi tupu. Wengi wanatunza zote mbili bila tarehe, na siku ya shida hawajui upi ni upi. Chukua kalamu, andika tarehe juu ya kila ufunguo, kisha uchane wa zamani.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Kuanzia iOS 17.3, iliyotoka Januari 2024, iPhone ina Stolen Device Protection, ulinzi wa simu iliyoibwa. Ukiwa umeuwasha na uko mbali na sehemu ambazo simu imezizoea, kama nyumbani au kazini, huwezi kubadilisha ufunguo wala mdhamini hapohapo. Simu inakutambua kwa uso au kidole, inakuambia usubiri saa moja, kisha inataka ikutambue tena. Ni ulinzi mzuri: mwizi aliyechungulia msimbo wako hawezi kukutoa kwenye akaunti yako akiwa barabarani.

Tatizo ni kwamba watu wanafanya nusu ya kwanza tu. Wanabonyeza, wanaona skrini ya kusubiri, wanaweka simu mfukoni wakidhani itajimalizia. Haijimalizii. Saa ikiisha, ni wewe unayepaswa kurudi kwenye menyu ileile, ujitambulishe tena na ukamilishe. Usiporudi, hakuna kilichobadilika: ufunguo wa zamani ndio unaotambulika na arifa inabaki. Kesho yake unaanza upya ukiwa kwenye basi, saa nyingine moja, unasahau tena. Mzunguko huu unaweza kwenda wiki nzima, na kwa nje unaonekana kama simu mbovu.

Zaidi ya hapo kuna mambo ya kuangalia:

- Fanya kazi hii nyumbani. Ukifika sehemu ambayo simu inaitambua, muda wa kusubiri unaweza kukatishwa mapema au usihitajike kabisa. Lakini tangu iOS 17.4 kuna chaguo la kudai saa hiyo popote ulipo. Ukiwa umelichagua, utasubiri hata ukiwa kitandani kwako, na ni sawa.
- Usizime ulinzi huu ili kuharakisha. Kuuzima ukiwa mbali na nyumbani kunadai saa moja ileile, kwa hiyo hujaokoa kitu. Weka kengele ya dakika 60 uendelee na shughuli zako.
- Msimbo wa simu hauchukui nafasi ya uso au kidole hapa. Kihisi kikiwa kimekufa, tengeneza simu kwanza.
- Usizime ufunguo kabla mdhamini hajakubali. Advanced Data Protection inadai angalau njia moja ya kurejesha iwepo. Ndiyo maana hatua ya 3 imetangulia, na ukiziruka kwa mpangilio mwingine utazungushwa.

Hayo yakiwa sawa, ingia Sign-In & Security, Recovery Key, na utengeneze ufunguo mpya. Simu itakuonyesha herufi 28, kisha itakutaka uziandike upya kuthibitisha. Hiyo skrini ya pili ndiyo inayofunga kazi. Nakuomba uandike ukisoma kutoka kwenye karatasi yako, usizikariri kutoka skrini iliyotangulia. Kama uliandika vibaya, ni bora ujue sasa hivi.

Kuhusu mahali pa kuuweka nina msimamo mkali. Karatasi, kwa mkono, nakala mbili, sehemu mbili. Picha ya skrini inakwenda kwenye Picha za iCloud, na programu ya Notes inakwenda iCloud, na programu ya manenosiri ya Apple vilevile. Zote zimo ndani ya akaunti ileile ambayo ufunguo huo ni wa kuirejesha. Kitunza manenosiri cha kampuni nyingine sikikatai, mradi unaweza kukifungua bila simu hii. Usiuweke kwenye barua pepe yoyote.

Na ujue kwamba ufunguo peke yake hautoshi kubadilisha nenosiri. Utahitaji pia namba yako inayoaminika ipokee msimbo, pamoja na kifaa cha Apple cha kufanyia kazi. Ndiyo sababu ya kuitazama namba kwenye hatua ya 2. Ukiwa na ufunguo, ile njia ya kawaida ya kampuni ya kukurejeshea akaunti baada ya kusubiri siku kadhaa huwa imezimwa. Ukiupoteza ufunguo pamoja na vifaa vyote, na huna mdhamini, umefungiwa nje moja kwa moja.

Hatua ya 5: Acha vifaa vikutane

Washa vifaa vyote, viunganishe na Wi-Fi na chaji, vifungue kwa msimbo. Kompyuta ikikuuliza msimbo wa iPhone yako au nenosiri la Mac nyingine, ni kawaida, jibu. Zima na kuwasha kila kimoja mara moja. Kisha viache hadi kesho. Usitengeneze ufunguo mwingine kwa sababu iPad bado ina alama nyekundu dakika kumi baadaye. Utakuwa umeirudisha kazi yote mwanzo.

Hatua ya 6: Ikibidi, zima na uwashe tena

Kama siku mbili zimepita, mdhamini amekubali, ufunguo umethibitishwa na vifaa vyote vimesasishwa, inabaki kuizima Advanced Data Protection na kuiwasha upya kutoka kwenye kifaa chenye toleo jipya kuliko vyote. Ukiizima, kifaa chako kinapeleka tena zile funguo kwenye seva za Apple na unarudi kwenye ulinzi wa kawaida. Data haipotei. Ukiiwasha, mfumo unakupitisha upya kwenye njia zako za kurejesha, na ile iliyokwama hujitokeza yenyewe hapo.

Angalia mambo mawili kabla hujaizima. Kama umeongeza kifaa kipya kwenye akaunti hivi karibuni, unaweza kuzuiwa kuiwasha ukitumia kifaa hicho kwa muda. Tumia cha zamani. Na kama akaunti yako ni ya Uingereza, usiiguse kabisa: tangu 21 Februari 2025 Apple imeacha kuitoa kwa watumiaji wapya huko, kwa hiyo ukiizima usitarajie kuiwasha tena. Wewe wa Uingereza rudi hatua ya 4, na uvumilie ile alama nyekundu hadi uipate njia iliyokwama.