Kumfundisha Msaidizi Mpya Kazi za Jikoni: Mwongozo kwa Nyumba za Nyanda za Juu Kusini

Msaidizi wa kazi za nyumbani anapofika kwa mara ya kwanza katika nyumba ya Mbeya, Iringa au Njombe, mara nyingi hatoki mbali. Huenda ametoka Ileje, Makete, Kilolo au Rungwe, amekulia shambani, na tangu utotoni amepika maharage, viazi, kande na ndizi zilezile ambazo wewe unatarajia azipike. Kwa sababu hiyo naona ni kosa kubwa kumpokea kama mtu asiyejua kupika na kumsomea amri kabla hajatua begi lake. Kupika anajua, asichokijua ni jiko lako, yaani mtungi wa gesi, jokofu, sufuria ya presha, kiasi cha chumvi mnachokizoea na saa ambazo watoto wanakula. Siku ya kwanza, kabla ya kumwonyesha chochote, muulize kwao walikuwa wakipika nini na kwa moto wa namna gani. Majibu yake ndiyo yatakayokuonyesha pa kuanzia.

Yako mambo machache ya kukamilisha kabla hajashika mwiko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefikia umri huo bila kutimiza miaka 18 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru afya wala kumzuia kusoma. Moto, maji yanayochemka na mafuta ya moto si kazi nyepesi, kwa hiyo ushauri wangu ni kumwajiri mtu mzima. Sheria hiyo hiyo inaweka kikomo cha saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki katika muda wa kawaida, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28. Andikeni makubaliano yenu kwenye karatasi mbili, mkitaja mshahara, siku ya kulipwa na siku ya kupumzika, kila mmoja abaki na nakala yake. Waambie watoto wamwite dada na wamwamkie asubuhi kama wanavyowaamkia wakubwa wengine, na yeye ale chakula kilekile anachowapikia. Mpishi ambaye haonji sahani ya mwisho hawezi kujua kwamba mchuzi umezidi chumvi.

Somo la kwanza liwe moto, na msilifanye kwa haraka. Miaka kadhaa iliyopita, binti niliyemwajiri alizima jiko la gesi kwa kulipuliza, kama walivyozoea kuzima koroboi kwao. Mwali ulikufa, gesi ikaendelea kutoka, nami niliisikia harufu yake nilipoingia kuchota maji. Kosa lilikuwa langu kabisa, kwa kuwa nilimwonyesha namna ya kuwasha bila kumwonyesha namna ya kuzima. Tangu hapo huanza na kuzima: tunageuza kitasa cha jiko hadi mwisho, tunahakikisha mwali umekwisha, kisha tunafunga regulata, yaani kile kifaa cha juu ya mtungi kinachofungulia na kufunga gesi. Baada ya hapo ndipo tunajifunza kuwasha, na kiberiti hutangulia kuwashwa kabla gesi haijafunguliwa. Mweleze pia sababu, kwa maana mtu anayejua sababu hukumbuka hata siku ambayo haupo: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, nayo hutuama sakafuni badala ya kupanda na kutoka dirishani. Akisikia harufu yake asiwashe taa wala kuizima, asiwashe kiberiti, bali afunge mtungi, afungue mlango na madirisha, atoe watoto nje. Kila mnapobadilisha mtungi, pakeni povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regulata. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja na jiko halipaswi kuwashwa.

Jiko la mkaa analijua, na hapo ndipo hatari yake inapojificha. Mwezi Juni na Julai baridi ya kwetu huwafanya watu wengi waingize jiko ndani ili kupasha chumba joto, na wengi huamini kwamba mkaa ukishakolea na moshi kuisha hakuna tena la kuogopa. Mkaa mwekundu usio na moshi unaendelea kutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo humlewesha mtu usingizini hadi kumuua. Mwambie waziwazi kwamba jiko la mkaa halilali ndani ya nyumba yenu hata usiku mmoja, kisha mpe blanketi la kutosha, kwa sababu asiyesikia baridi hatashawishika kuliingiza jiko chumbani mwake.

Somo la pili ni maharage, nami nalipa nafasi kubwa kuliko vyakula vingine vyote kwa kuwa ndiyo yanayokula mkaa, gesi na muda wa msaidizi. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 94 hivi, wakati Dar es Salaam au Tanga huchemka yakifikia 100. Hata ukichochea moto kiasi gani, sufuria ya kawaida haitapita hapo. Moto mkali hukausha maji tu, na maharage hubaki magumu. Mgeni kutoka pwani hudhani kwamba msaidizi ni mzembe, kumbe ni mlima unaochelewesha chungu.

Kwa hiyo kazi ya maharage huanza usiku uliotangulia. Baada ya kuosha vyombo vya jioni, amwage maharage kwenye ungo, ayachambue mawe na punje zilizotobolewa, ayaoshe, kisha ayaloweke kwenye maji mengi kwa saa 8 hadi 12. Asubuhi amwage maji hayo na aweke mengine yanayozidi maharage kwa vidole vinne. Yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 kamili au zaidi kabla hajapunguza moto. Hatua hii haina mjadala, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoitwa lektini, inayoleta kutapika na kuharisha, nayo huharibiwa na mchemko na wala si na uvuguvugu. Maji yakipungua aongeze ya moto. Nyanya, ndimu na kitu chochote kichachu vingoje mpaka maharage yameiva, kwa kuwa uchachu hulifanya ganda likaze. Kuhusu magadi, najua nyumba nyingi huyatumia, na ni kweli kwamba hulainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1 na hubadilisha ladha. Nyumbani kwangu niliyaacha. Ili kujua kama yameiva, achukue punje tano kutoka sehemu mbalimbali za sufuria na kuziminya kwa vidole. Punje moja hudanganya, hasa pale maharage ya msimu uliopita yalipochanganywa na mapya, jambo ambalo hutokea sana unaponunua kwa kisado sokoni bila kuuliza.

Sufuria ya presha ndiyo dawa halisi ya kimo chetu, maana mvuke uliofungiwa huyapandisha maji hadi zaidi ya nyuzi 110. Hata hivyo, msimwachie msaidizi mpaka mmeitumia pamoja angalau mara nne. Maharage na maji yake yasizidi nusu ya sufuria, kwa kuwa maganda na povu vikipanda huziba tundu la mvuke. Kabla ya kufunika, aangalie tundu hilo kwenye mwanga. Baada ya kuzima, asubiri mvuke uishe wenyewe, na mfuniko ukigoma asiulazimishe, kwani kugoma kwake ni ishara kwamba presha ingalimo. Maharage yaliyolowekwa hutosheka kwa nusu saa au zaidi kidogo, kulingana na aina. Chemsheni ya siku tatu kwa pamoja, muyagawe kwenye vibakuli na kuyagandisha, ndipo utakapoona kwamba jioni ya msaidizi wako imepata nafasi.

Ugali, viazi na mboga za majani havinichukulii muda, kwa kuwa mara nyingi msaidizi ndiye anayenifundisha mimi. Kwenye wali namwonyesha jambo moja tu: mchele mpya wa Kyela unahitaji maji machache kuliko uliokaa ghalani, kwa hiyo afungue gunia au mfuko mpya kwa kupika kikombe kimoja cha majaribio. Wali uliobaki usilale mezani. Upoe kwenye sinia pana na uingie jokofuni ndani ya saa mbili. Nyama mbichi iwe na kisu chake na kibao chake. Maji ya kunywa yachemke kwa dakika tatu, hasa kwa walio Makete na sehemu nyingine za juu zaidi, kisha yafunikwe katika chombo chenye bomba.

Mfundishe kuhudumia majeraha ya moto kabla hayajatokea. Mtu akiungua, sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka, au imwagiwe maji safi kwa kikombe, kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali, mafuta na ute wa yai visipakwe kamwe, kwa sababu hufungia joto au kuleta uchafu kwenye kidonda. Malengelenge yasitoboliwe, na jeraha la usoni, la mikononi au lililo kubwa kuliko kiganja lipelekwe hospitali. Mwambie pia, kwa maneno yanayosikika, kwamba akiungua au akivunja chombo hatakatwa mshahara wala hatagombezwa. Anayeogopa kugombezwa huficha jeraha, na nimewahi kuligundua la namna hiyo siku ya tatu, likiwa limeshaanza kutunga usaha.

Wiki ya kwanza pika wewe naye akiangalia na kusaidia. Wiki ya pili apike yeye nawe ukiwa karibu, ukinyamaza kadiri unavyoweza. Mwishoni mwa wiki hiyo mpe fedha ya soko na daftari, aende soko la Soweto au la Uyole mkiwa Mbeya, au soko la karibu nanyi, achague mwenyewe vyakula vya siku tatu na kuandika bei alizonunulia. Akirudi, kaeni mezani mpitie daftari pamoja, umuulize ni chakula kipi angependa kuwapikia kutoka kwao, na siku hiyo umwachie jiko lote.