Kuhesabu Vizio vya Dawa za Mionzi katika Madai ya Picha za Moyo

Nchini Marekani, madai ya bima kwa picha za mtiririko wa damu katika misuli ya moyo hubeba misimbo ya aina mbili: wa kipimo chenyewe na wa dawa ya mionzi aliyodungwa mgonjwa. Ule wa kipimo hausumbui sana, kwani kwa SPECT, aina moja ya picha za mionzi, msimbo 78451 ni wa awamu moja, iwe ya mapumziko au ya mazoezi, na 78452 ni wa awamu zaidi ya moja. Panapoharibika ni kwenye safu ya vizio vya dawa, yaani idadi ya dawa inayodaiwa.

Tuseme daftari la chumba cha sindano linaonyesha dawa ya sestamibi ya teknesiamu-99m: milikiuri (kipimo cha nguvu ya mionzi) 10.2 saa 1:40 asubuhi mgonjwa akiwa amepumzika, na milikiuri 31.4 saa 4:15 mazoezi yalipofika kileleni. Karani mgeni hujumlisha akaandika 42. Hilo ni kosa, kwa sababu A9500, msimbo wa sestamibi, huhesabiwa kwa dozi ya kipimo, si kwa milikiuri. Palipodungwa dozi mbili, andika vizio 2. Tetrofosmin, yaani A9502, hufuata kanuni hiyohiyo. Thaliamu-201 ndiyo inayokwenda kinyume: A9505 huhesabiwa kwa kila milikiuri, hivyo milikiuri 4 ni vizio 4. Kwa hiyo soma maelezo ya msimbo mpaka neno la mwisho, maana kipimo cha hesabu hukaa huko.

Katika PET, aina nyingine ya picha za mionzi, A9555 ya rubidiamu-82 ni dozi moja isiyozidi milikiuri 60, na A9526 ya amonia ya naitrojeni-13 ni dozi isiyozidi milikiuri 40. Rubidiamu hupungua nusu kwa takriban sekunde 76, ndiyo maana huzalishwa kwenye jenereta (kifaa cha kutolea dawa hiyo) palepale kituoni. Basi tunza kumbukumbu ya kila dozi iliyotoka humo.

Usisahau dawa ya kuuchochea moyo kwa asiyeweza kukimbia: regadenoson, J2785, huhesabiwa kwa miligramu 0.1, na dozi ya kawaida ya miligramu 0.4 ni vizio 4.

Kwa wagonjwa wa nje wa hospitali, Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, ilianza mwaka 2008 kuijumuisha gharama ya dawa hizi za mionzi ndani ya malipo ya kipimo. Tangu Januari 2025 huzilipia kando zile ambazo gharama yake kwa siku inazidi kiwango kilichowekwa, ambacho kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 630. Hata dawa isiyolipiwa kando iorodheshwe kwenye madai pamoja na bei yake.