Ukienda Ngazija panda Karthala kwanza, mengine yatafuata

Kama una likizo ya siku tano sita, nakushauri Ngazija, kile kisiwa kikubwa cha Komoro ambacho Wafaransa wanakiita Grande Comore. Kutoka Dar ni ndege ya kama saa moja na nusu tu, unatua uwanja wa Hahaya, na kabla hujatua chungulia dirishani uone mawe meusi yaliyoshuka mpaka baharini, hayo yote ni lava iliyoganda. Kisiwa kizima kimetoka tumboni mwa volkano na volkano yenyewe bado iko hai. Ndo maana nawaambia watu kila siku, usianze na bichi, anza na mlima.

Mlima ni Karthala, mita 2,361. Watu wengi wanauacha siku ya mwisho alafu mawingu yanawanyima, wanarudi nyumbani hawajaona kitu. We uweke siku ya pili, ili mvua ikiharibu unayo nafasi ya kujaribu tena. Miezi mizuri ni kuanzia Mei mpaka Oktoba, kipindi cha kusi, mvua zinakuwa zimepungua. Mtafute mwongoza njia pale Moroni, mji mkuu, au kwenye vijiji vya juu kama Mvouni, na usipande peke yako hata kama una miguu ya chuma, maana ukungu ukishuka huoni hata mtu wa mbele yako.

Kupanda kunachukua masaa sita mpaka nane hivi, inategemea unaanzia wapi. Unaanza kwenye mashamba ya migomba, unaingia msituni kumejaa unyevu na kuna ndege ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa mlima huu, alafu miti inaisha unabaki na vichaka na changarawe nyeusi za volkano. Hizo changarawe ndo mtihani wenyewe. Ni nyepesi kama mkaa, ukikanyaga zinateleza, hatua mbili mbele moja nyuma, na zinaingia kwenye kiatu mpaka unasimama kila baada ya muda kukung'uta. Vaa buti zinazofunika kifundo na soksi ndefu. Jaketi zito lazima, usidanganyike na joto la Moroni, usiku huko juu ni baridi kweli.

Ila kitu ambacho nataka ukishike kuliko vyote ni maji. Ngazija haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima, mvua inanyesha nyingi lakini ardhi ni lava yenye matundu, maji yanazama yote. Mara ya kwanza nilibeba lita mbili nikadhani zinatosha, mpaka nafika juu zimeisha, ikabidi wenzangu wanigawie zao na wao walikuwa wanahesabu. Beba lita tano kwa mtu kama mnalala, na mlale kweli, mpige hema karibu na ukingo wa shimo la volkano ili mwamke alfajiri kabla ukungu haujapanda. Ukisimama pale ukingoni saa kumi na mbili asubuhi unaona shimo lenye upana wa kilomita tatu hivi kwa nne, kimya kabisa, na ndani yake kuna shimo lingine linalokwenda chini zaidi. Mi nilikaa pale nusu saa sikuongea na mtu.

Ukishashuka, kisiwa kinaanza kueleweka. Utaona kila nyumba vijijini ina tangi la kuvunia mvua, na utaelewa kwa nini 2005 Karthala ilipolipuka watu waliteseka hivyo, majivu yalianguka kwenye matangi na maji ya kunywa yakaharibika. Kwahiyo ukikaribishwa maji nyumbani kwa mtu yapokee kwa heshima, usimwage.

Siku inayofuata kodi gari na dereva mzunguke kaskazini. Pita Mitsamiouli uogelee, mchanga wake ni mweupe, alafu nenda Lac Salé, ziwa la maji ya chumvi lililokaa ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, pembeni kabisa ya bahari. Wenyeji wanasimulia kuwa hapo palikuwa na kijiji kikazama kwa sababu watu walimnyima mgeni maji. Kwenye kisiwa kisicho na mito, hadithi hiyo unaisikiliza vizuri. Mkirudi pitieni mashariki, Chomoni, pale lava nyeusi imeingia katikati ya mchanga mweupe, piga picha mpaka uchoke.

Moroni yenyewe nusu siku inatosha. Tembea mji wa zamani, vichochoro ni kama Stone Town lakini vimejengwa kwa mawe meusi, nenda mpaka Msikiti wa Ijumaa wa zamani wa 1427 ulioko pale bandarini. Kwenye jumba la makumbusho kuna gombessa, yule samaki wa kale ambaye sisi Tanga tunamwita silikanti, huyu usimkose.

Lugha haitakusumbua sana. Kingazija na Kiswahili ni ndugu, ukisema habari utajibiwa njema, na asante kwao ni marahaba, hii inachanganya mwanzoni maana kwetu unaitikia shikamoo. Wazee wengi wamewahi kuishi Zanzibar au wana jamaa huko, wakisikia Kiswahili wanafurahi sana. Vaa kwa stara ukiwa mjini na vijijini, na nguo za kuogelea ziachie bichi za hoteli. Beba euro keshi. Na ukienda Julai au Agosti utakuta harusi kubwa, wanaita anda, Wakomoro wanaoishi Marseille, Ufaransa, wanarudi nyumbani kuoa na ngoma ni kila wiki, ukialikwa nenda, ila weka nafasi ya kulala mapema maana kunajaa.

Siku ya kuondoka pita soko la Volo Volo ununue vanila na mafuta ya langilangi. Vanila nzuri ni nyeusi na ina mafuta, izungushe kwenye kidole, ikijikunja bila kuvunjika chukua, ikikatika kama kijiti mrudishie. Ukifika nyumbani iweke kwenye chupa ya kioo uifunge vizuri, friji usiiweke, inakauka.