Linki moja ya proksi, timu nzima, na apdeti imegoma: pa kuanzia

Kama timu yenu mnatumia linki moja ya sabskripsheni ya proksi (seva ya katikati inayopitisha trafiki yenu) hii hali unaijua: admini kabadilisha seva asubuhi, wawili wamezipata, wengine watano bado wanaona za juzi, na kwenye grupu kila mtu anaandika "kwangu imegoma" bila kuongeza neno. Afu linaanza zoezi la futa programu weka upya. Usifute kitu bana. Ukifuta umepoteza ile orodha ya zamani ambayo pengine ndo ilikuwa bado inakushikilia mtandaoni.

Wengi wanachanganya hapa: sabskripsheni sio proksi. Ni anwani ya kawaida ya wavuti, programu yako inaenda pale, inachukua orodha ya seva, inaihifadhi kwenye mashine yako, basi. Trafiki yako haipiti kwenye ile linki. Kwa hiyo linki inaweza kufa leo na proksi ikaendelea kupiga kazi wiki nzima, au linki ikawa nzima kabisa na seva zote zilizomo zimezimwa. Mwenzako muulize hivi: ukibonyeza apdeti inaleta kosa, au inasema imefaulu ila seva ni zilezile? Hayo ni magonjwa mawili. Na kama wote mmekwama kwa wakati mmoja shida iko kwa admini, msihangaike na laptopu zenu.

Inayoleta kosa, sababu ninayokutana nayo kuliko zote ni hii, programu inajaribu kuchukua orodha mpya kwa kupitia proksi ya zamani ambayo imeshakufa. Yani umefungiwa nje na funguo ziko ndani. Mi iliwahi kunilia mchana mzima, nimebadilisha DNS, nimewasha upya ruta, nimemlaumu admini, kumbe kuzima proksi ya mfumo na kuapdeti moja kwa moja ilikuwa dakika moja tu. Zima proksi ya mfumo, zima na modi ya TUN (ile inayopitisha trafiki yote ya mashine kwenye proksi) kama umeiwasha, apdeti, afu washa tena. Programu nyingi zina kiswichi cha kuchagua apdeti ipite kwenye proksi au isipite, kitafute. Kuna pia kinyume chake, mtandao uliopo umeizuia anwani ya linki, hapo tumia hotspoti ya simu kwa hiyo apdeti moja tu.

Ikigoma bado, acha kubonyeza, nenda terminali, amri hii inachukua orodha bila proksi na kuiweka kwenye orodha.txt, na heda, yani maelezo yanayotangulia jibu la seva, kwenye heda.txt:

curl -sS --noproxy '*' -D heda.txt -o orodha.txt "LINKI YAKO"

Hizo alama za nukuu usiziache, linki nyingi zina & katikati na terminali itaikata hapohapo, utapata jibu la nusu linki na uanze kulaani watu bure. Hiyo noproxy nayo ina kazi yake, maana curl inasoma https_proxy iliyobaki kwenye mazingira ya mashine hata kama programu yenyewe umeshaifunga.

Sasa fungua heda.txt uone namba. 401 au 403 umekataliwa, tokeni (ile siri iliyo ndani ya linki) imebadilishwa au seva haijaipenda programu yako. 404 mara nyingi linki imekatika wakati wa kukopi, angalia herufi za mwisho. 429 mmezidisha kuomba, na hii kwenye timu ni kawaida sana kwa sababu watu kumi mko nyuma ya IP moja ya ofisi na programu zote zimewekwa ziapdeti kila saa, ongezeni muda uwe hata saa 12 au 24, orodha ya seva haibadiliki kila saa. Inayoanza na 5 mwachie admini.

200 ina maana seva imejibu sawa, ila usishangilie mapema. Fungua orodha.txt uone kilichomo. Ukikuta HTML, umeletewa ukurasa wa kuingia wa waifai au ukurasa wa ulinzi, sio orodha. Ukikuta herufi ndefu zisizosomeka hiyo ni Base64, namna ya kuandika data kwa herufi, na inaweza kuwa sawa tu, seva nyingi zinaangalia programu imejitambulisha kwa jina gani, ikisema ni Clash (programu moja ya proksi) inapewa YAML, faili la mipangilio linalosomeka, nyingine inapewa Base64. Ndo maana linki ileile kwa mwenzako inakubali na kwako inasema fomati mbaya. Ongeza -A "clash" kwenye ile amri ulinganishe.

Tuje kwa ile ya "imefaulu" ila seva za juzi. Kwanza hakikisha profaili yako imetoka kwenye linki kweli, kuna watu walitumiwa faili wakaliingiza, faili haliapdetiki hata ubonyeze hadi kesho. Pili keshi, yani nakala iliyohifadhiwa njiani: kwenye heda tafuta Age, umri wa nakala kwa sekunde, ikiwa 40000 ina maana unapewa nakala ya saa 11 zilizopita, admini asafishe keshi ya CDN (seva za katikati zinazosambaza nakala) na aizuie isihifadhi hiyo njia. Tatu, programu ya zamani: admini kaweka seva ya VLESS, aina moja ya proksi, kiini cha zamani cha Clash hakiijui, kinalikataa faili zima sio hiyo seva moja, kinabaki na la zamani. Hamia mihomo, ndio iliyokuwa ikiitwa Clash Meta.

Kuna heda nyingine tamu, subscription-userinfo, ina upload, download na total kwa baiti, na expire, siku ya kuisha, kwa sekunde za Unix (zinahesabiwa tangu mwaka 1970). Jumlisha mbili za kwanza, zikifika total basi bando la timu limeisha, na baadhi ya paneli, programu za admini za kusimamia seva, hapo zinarudisha orodha tupu.

Orodha imekuja mpya lakini kila seva haijibu? Angalia saa. VMess, aina nyingine ya proksi, haivumilii tofauti ya saa ya zaidi ya sekunde 90, kanda ya saa haina shida, shida ni yule aliyeona saa haiko sawa akaisogeza kwa mkono badala ya kurekebisha kanda.

Kutaka kujua kama mna orodha moja, msitumiane faili, lina nywila za seva. Piga sha256sum orodha.txt, kwa Mac ni shasum -a 256, inatoa alama ya faili ambayo hufanana faili zikiwa sawa, tumianeni herufi nane za mwanzo tu.

Na linki yenyewe msiibandike kwenye grupu jamani, ni nywila hiyo, afu programu za chati zinaifungua zenyewe kutengeneza muhtasari. Admini ukiweza mpe kila mtu tokeni yake, akiondoka mmoja unazima yake peke yake. Kama ni moja ya wote na lazima ubadilishe, tuma mpya kwa kila mtu faragha, subiri wote waseme wameapdeti, ndo uue ya zamani.