Somo: Kuhama kutoka Windows ya zamani ofisini bila kupoteza hesabu za biashara

Wakuu, habari za kazi. Somo hili la kuhamia Windows 11 ni la wenye ofisi ndogo, kompyuta tatu hadi kumi hivi, bila fundi wa kudumu.

Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, ya Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023, na ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimiki siku hiyo, ndiyo maana watu hawaoni haraka ya kuhama. Lakini tundu linalogunduliwa baada ya hapo halizibwi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili ya watu duniani kote, kiraka (sasisho la kuziba tundu) kilikuwa kimetoka tangu Machi. Wengi walioumia hawakuwa wamekiweka. Fikiria sasa mashine ambayo kiraka chenyewe hakiji.

Hatua ya 1: Orodha. Kwa kila mashine bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver uone toleo. Rudia kwa msinfo32 uone prosesa, RAM na kama BIOS (programu inayowasha kompyuta) iko UEFI (aina mpya) au Legacy (ya zamani), kisha tpm.msc uone kama kuna TPM, kifaa cha usalama ambacho Windows 11 inakidai. Andika pia kilichounganishwa nayo: printa ya risiti, skana, mashine ya kusoma misimbo.

Hatua ya 2: Programu ya biashara kwanza. Hapa ndipo wengi hukwama. Windows 11 ni ya biti 64 (aina ya kisasa ya mfumo) tu. Programu ya zamani ya biti 16 haitafunguka kabisa, na printa yenye draiva (programu inayoiunganisha na Windows) ya biti 32 pekee haitafanya kazi. Mpigie aliyekuuzia programu ya hesabu, umuulize ni toleo gani linakubali na leseni inahamishwaje. Usiguse mashine kabla hujapata jibu.

Hatua ya 3: Bakapu, na uijaribu. Kunakili folda ya Documents hakutoshi. Programu nyingi za hesabu huweka data kwenye ProgramData au moja kwa moja kwenye diski C, na folda ya ProgramData huwa imefichwa. Tumia kitufe cha bakapu kilichomo ndani ya programu yenyewe. Weka nakala mbili, na moja ichomolewe kabisa kwenye kompyuta. Kisha ifungue kwenye mashine nyingine, utafute ankara ya jana na deni la mteja mmoja unayemjua. Ukiviona, una bakapu. Usipoviona, huna, hata kama skrini iliandika kwamba imekamilika.

Angalia pia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba data ya diski. Ufunguo wake wa kurejesha una tarakimu 48. Uandike mahali salama kabla ya kugusa BIOS, maana mashine inaweza kuudai ikiwaka.

Hatua ya 4: Mashine moja kwanza. Chagua ile ambayo ikilala siku nzima kazi haisimami, na isiwe mwisho wa mwezi. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka). Kwa kazi ya kweli, RAM ya GB 8 na SSD (diski ya kasi). Windows 10 inapanda moja kwa moja kwenda Windows 11 ikiwa ni ya biti 64. Windows 7 na 8.1 ni kusakinisha upya kwa flashi ya GB 8. Ukipandisha kutoka Windows 10 na mambo yasipokaa sawa, una siku 10 za kurudi nyuma kupitia Settings.

Chapisha risiti, fungua folda za pamoja, tuma barua pepe. Iache ifanye kazi wiki nzima ndipo uende kwenye nyingine.

Maswali ya wanachama

Mkuu, tpm.msc inasema hakuna TPM. Ninunue mashine mpya?
Subiri kwanza. Mara nyingi ipo ila imezimwa. Ingia BIOS utafute PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD, uiwashe. Lakini kama prosesa ya Intel ni ya kabla ya kizazi cha 8, kwa kawaida haimo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Njia za kukwepa masharti zipo. Kwa mashine yenye hesabu za watu sizishauri. Kama kazi yake ni kivinjari na barua tu, weka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows.

Nina antivairasi ya kulipia. Si inatosha?
Haitoshi. Antivairasi haizibi tundu lililomo ndani ya Windows yenyewe.

Programu yetu ya hesabu inakubali Windows 7 tu, na aliyeitengeneza hapatikani. Nifanyeje?
Chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi kwenye mashine hiyo leo hii. Data itoke kwa flashi moja isiyotumika kwingine, na kila ikitoka ichunguzwe kwa antivairasi. Wakati huohuo anza kutoa orodha za wadaiwa, bidhaa na ankara kwa mfumo wa CSV (jedwali la maandishi matupu) au Excel. Programu nyingi mpya za hesabu huyapokea mafaili hayo, na kazi hiyo ni rahisi zaidi sasa hivi ambapo mashine ya zamani bado inawaka.